Mfalme Wetu na Kamati Yake

Mashine ya sataranji ilibuniwa kwa ajili ya mtu mpweke. Kampuni ya Fidelity ya Marekani ilipoanza kuuza ile yake ya nyumbani mwaka 1977, mnunuzi aliyekusudiwa ni yule anayependa mchezo lakini hana wa kucheza naye: mke hataki, watoto wamelala, nje theluji. Miaka miwili baadaye wakatoa nyingine inayotaja hatua zake kwa sauti, ili mpweke yule apate na wa kuzungumza naye. Ni wazi kwamba kati ya wabunifu wale hakuwemo hata mmoja aliyewahi kupanga chumba Marachi, hapa Busia, ambako upweke unautafuta kwa tochi mchana na huupati.

Yangu niliinunua ng'ambo, Busia ya Uganda, kwa mama anayetandaza mitumba ya vyombo vya umeme juu ya turubai. Ilikuwa katikati ya pasi na birika, na mwenyewe aliamini kwamba ni mizani iliyopoteza sahani. Nilipotamka neno mchezo, bei ikapanda palepale. "Kumbe inacheza, ssebo!" Tulianzia elfu themanini ya Uganda, tukakutana kwenye elfu hamsini na tano, karibu elfu mbili zetu, pamoja na mfuko wa plastiki wenye kete ambazo hakuna aliyezihesabu.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Februari 2018, mtu husimama upande anaoingia tu, na maafisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Faida yake ni kwamba ukibeba kitu kisichojulikana, nchi mbili hukishangaa kwa pamoja.

"Ni kompyuta?"

"Ni kompyuta, afande, ila haijui kazi nyingine yoyote."

"Mbona haina skrini?"

"Haihitaji."

"Basi ni kitu cha watoto."

"Hapana, ni mchezo wa watu wazima."

Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeongezeka, akina mama wenye ndizi na samaki wakishusha mizigo kichwani ili waone vizuri. Mwishowe ikapita kama toi. Sina malalamiko. Mwaka 1982 Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alikuwa safarini kwenda Moscow na Belle, mashine ya sataranji iliyokuwa miongoni mwa kali kabisa duniani wakati huo. Forodha ya Marekani ikaikamata uwanja wa ndege, ikihofia kwamba ni teknolojia nyeti inayopelekwa kwa Wasovieti. Kuitoa kulichukua zaidi ya mwezi mmoja na faini ya dola 600. Mimi nilifika nyumbani kabla ya chai.

Kete zilikuwa na upungufu. Ngome moja nyeupe haikuwepo, askari kadhaa walikuwa wametoroka, na farasi mmoja alikuwa na shingo tu. Kwa bahati bodi ya aina hii haioni kete. Chini ya kila mraba kuna swichi: unabonyeza mraba unaotoka, unabonyeza mraba unaokwenda, basi. Kwa hiyo kifuniko cha soda ni askari mzuri tu. Mashine ikitaka kujibu, inawasha taa mbili nyekundu kwenye kingo, moja ikionyesha safu na nyingine mstari, nawe unaisogezea kete yake kwa mkono wako. Hapo ndipo uchungu wa anayeanza unapozidi. Unafungwa, na anayekufunga amekufanya mtumishi wake wa kubeba mizigo.

Tatizo lililofuata lilikuwa stima. Kibandiko cha nyuma kilitaka volti 9, nami nilikuwa na adapta mbili za volti 9, kila moja ikiingia vizuri kwenye tundu lake. Nilizipeleka kwa fundi wa redio. Alizigusa na mita yake, akaniambia kwamba moja ina chanya katikati na nyingine ina chanya nje. "Hii ndiyo yako. Hii nyingine ingeiua. Afadhali umekuja mapema, wengi huniletea maiti wakitaka nizungumze nayo." Nikamlipa kwa furaha. Jioni hiyo, nikiwa na malkia wangu na matumaini yangu yote mahali pake, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, mashine ilikuwa imesahau kila kitu, imepanga jeshi upya na kunisubiri.

Ikabidi mawe ya betri. Tumbo la mashine lilimeza mawe sita makubwa, na mama mwenye nyumba alikubali kunikopesha ya redio yake kwa sharti moja: taarifa ya habari ya saa moja jioni ikianza, yawe yamerudi. Michezo yangu yote ya mwanzo iliisha saa moja kasoro dakika mbili, mimi nikiwa nyuma sana, na mpaka leo naihesabu kuwa sare.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisicheze kwenye simu. Waliniuliza, kila siku. Simu ya mtu wa Busia ina uraia wake. Unakaa sebuleni kwako Kenya, inakukaribisha Uganda kwa ujumbe, mtandao unahama katikati ya mchezo, na mpinzani wako aliyeko Ufilipino anapewa ushindi kwa sababu wewe umevuka mpaka bila kuinuka kwenye kiti. Mashine yangu haina mtandao wa kuhama.

Chumba changu kina joto la mabati, kwa hiyo nilichezea barazani. Baraza linatazama steji ya boda boda, kazi iliyozaliwa mpakani hapa enzi za baiskeli (Malaba nao wanadai ni kwao, na sitaki ugomvi). Steji hiyo ina benchi, kivuli cha mwembe, na bodi ya drafti iliyochorwa kwa makaa. Mashine ilipolia mlio wake wa kwanza, vichwa viligeuka. Ilipolia wa tatu, tayari nilikuwa na kamati.

Kamati ya drafti ina sheria moja isiyopingwa: kete ikilika, lazima uile. Usipokula umevunja mchezo, na pengine urafiki. Sataranji haina lazima hiyo, lakini nenda ukawaeleze wanaume saba waliosimama nyuma yako. Mashine iliacha askari mmoja peke yake katikati ya uwanja. "Kula!" Nikasema ngoja, huenda ni mtego. "Kula bwana, utakufa njaa!" Nikala. Taa mbili zikawaka, na malkia wangu akaondoka na askofu wao. Kamati ikatazama pikipiki zake. Mmoja akakumbuka kwamba ana abiria.

Walirudi, bila shaka, wakiwa na ushauri zaidi. Kuhamisha mfalme na ngome kwa mpigo mmoja kuliwaudhi sana. Walisema hayo ni magendo. Siku mashine ilipomla askari wangu kwa kupita pembeni, kwenye mraba ambao hakuwepo, kelele zilifika barabarani. Mwizi! Mashine imeharibika! Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo na bado nilishindwa kuieleza. Kijana mmoja wa boda ndiye aliyetuliza watu. "Huyu askari wetu angepiga hatua moja, angepita mbele ya yule wao, akaguliwe. Yeye akaona aruke mbili, apitie njia ya panya. Wakamshika kana kwamba amepiga moja. Kuna ubaya gani?" Pakawa kimya. Maelezo ya vitabu juu ya kanuni hiyo yana aya na mishale, na hakuna hata kimoja kinachomfikia kijana yule, ingawa nashuku alisema kwa uzoefu wa kazini.

Mzee wa steji hakuwa mtu wa kanuni. Alisogeza ngome kwa mshazari, mashine ikalia kukataa. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama anayeamini kwamba haikusikia. Hakuwa wa kwanza. Napoleon alipocheza na ile mashine maarufu iliyoitwa Mturuki, kule Vienna mwaka 1809, inasimuliwa kwamba alifanya hatua haramu makusudi. Mara ya kwanza kete ikarudishwa mahali pake, mara ya pili ikaondolewa bodini, mara ya tatu Mturuki akafagia kete zote kwa mkono. Yangu haina mkono. Inalia tu, na mzee anabonyeza, na wote wawili hawachoki. Kuku wa mama mwenye nyumba pia aliwahi kupita juu ya bodi, naye akakataliwa vilevile, lakini yeye hakubisha.

Mama mwenye nyumba mwenyewe alitazama haya yote akichambua mboga, kisha akauliza swali moja. "Nani yuko ndani?"

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu huyo ndiye pekee aliyeuliza swali ambalo Ulaya iliuliza kwa miaka mingi. Mturuki yule alitengenezwa na Wolfgang von Kempelen na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1770. Alikuwa sanamu aliyevaa kilemba, ameketi nyuma ya kabati lenye magurudumu ya chuma. Waliofunguliwa milango ya kabati waliona magurudumu matupu. Ndani alikuwemo mtu, mchezaji hodari aliyejikunja na mshumaa wake. Nilimweleza mama hayo yote, nikamgeuzia mashine yangu aone mahali pa mawe. Akatikisa kichwa. "Mawe ni yangu. Basi aliyemo ndani anakula kwangu." Tangu hapo anadai haki ya kuchagua hatua ya kwanza.

Kamati ina raia wa nchi mbili, na ubishi wake una mhuri wa kila upande. Wa Uganda hawaachi kutukumbusha Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyejifunza sataranji katika mitaa duni ya Kampala chini ya kocha Robert Katende, akafika hadi Olimpiadi ya sataranji. Filamu yake ilitoka 2016. Wa Kenya wakajibu kwamba mama yake Phiona katika filamu hiyo ni Lupita Nyong'o, na bila mama hakuna mtoto. Ubishi ungeisha hapo kwa heshima, lakini jirani yangu wa Tororo akauliza kwa upole kama ni kweli kwamba Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open kule Nairobi, mwanafunzi wa kiume alivaa buibui na nikabu akajiandikisha kwa wanawake, akawa anawafunga mmoja mmoja bila kutoa neno, mpaka viatu vyake vikatiliwa shaka. Ni kweli. Upande wa Kenya ukasema hilo linaonyesha jinsi tunavyoupenda mchezo.

Kazi yangu ya klirensi hunipeleka Malaba, na mara nyingine mashine huenda nami kwenye matatu, juu ya magoti. Malori huwa yamejipanga barabarani kwa kilomita, na madereva wana kitu ambacho Marachi hawana, yaani muda. Dereva mmoja wa Mombasa, mtaratibu, aliniuliza vitufe vya pembeni ni vya nini. Nikamwambia ni vya ngazi: ya kwanza inajibu mara moja, na ya mwisho inafikiri mpaka uikatize. "Iweke ya mwisho, shehe." Tukaiweka. Alicheza hatua yake, akavuta kiti, akachemsha chai kwenye jiko lake la chini ya trela. Taa ziliwaka na kuzima zikibadili mawazo. Nilipomwambia kwamba hivi itafikiri mpaka mawe yaishe, alishangaa kwa nini nina haraka. Utingo wake aliuliza kama inajua kwamba bingwa wa dunia Garry Kasparov alifungwa na kompyuta ya IBM Mei 1997. Dereva akamwambia asiiambie, itaringa.

Siku ya ushindi ilikuja Marachi, Jumapili, ngazi ya kwanza. Sitadai kwamba nilicheza mimi. Mama mwenye nyumba alifungua, mzee wa steji alitetea (hatua halali, kwa mara ya kwanza), jirani wa Tororo alimla farasi wao, nami nilibonyeza. Askari mmoja, kifuniko cha soda ya machungwa, alisonga mraba kwa mraba mpaka mstari wa mwisho, na steji nzima ikapiga kelele, "Kingi!" maana katika drafti ndivyo ilivyo. Nikawaambia hapa anakuwa malkia. Lakini malkia wetu aliyekwisha kuliwa hakuonekana; mjukuu wa mama mwenye nyumba alikuwa ameondoka naye kwenda kumlaza. Jirani wa Tororo akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu ya shilingi mia tano ya Uganda, ile yenye korongo mwenye kishungi kama taji, akaiweka mrabani. Hatua mbili baadaye taa zikawaka zote, mashine ikalia wimbo mfupi ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Chekimeti.

Ikabaki kuamua nani ameshinda. Waganda wakasema aliyemuua mfalme ni korongo wao, kila mtu ameona. Wakenya wakasema kabla ya kupewa taji alikuwa kifuniko cha soda ya Kenya, na amezaliwa barazani kwetu. Mzee wa steji akapendekeza sare. Mama mwenye nyumba akakumbusha mawe ni ya nani. Mwenye sarafu hakungoja uamuzi. Alimchukua malkia, akavuka naye kwenda kununua chapati.