Sifa za Mtazamaji wa Bao

Washairi wa pwani wamesifu majahazi, mitume, wake zao na hata mnazi. Sijasikia aliyemsifu mtu anayesimama nyuma ya mcheza bao na kumwambia atie kete wapi. Deni hilo nalilipa leo, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimamiwa kuliko wote.

Mahali penyewe ni Macaloe, katika visiwa vya Quirimbas, kaskazini ya Cabo Delgado. Wavuvi hupiga dago pale kwa msimu: Wamwani wenyewe, Wamakua waliotoka Nampula, na jamaa wa upande wa Tanzania. Ijumaa hatuvui. Swala ikishaswaliwa, nyavu hushonwa kidogo kwa kuona haya tu, kisha bao linatolewa kivulini na kete za komwe zinamwagwa. Matajiri wana gofu yao ya jioni. Sisi tuna hili. Kucheza ni kisingizio, kazi hasa ni kutaniana. Aliyefungwa Ijumaa hutaniwa hadi Alhamisi, baharini na nchi kavu, na akilalamika chumvi imezidi kwenye mchuzi huambiwa aihesabu vizuri, maana hesabu zake zinajulikana.

Na nyuma yetu, mkono mmoja kwenye nguzo ya banda, amesimama yeye.

Sifa yake kuu ni kwamba hajawahi kufungwa. Jambo hili linataka utulivu. Mwalimu Nyerere alikuwa mcheza bao, na kila mcheza bao amefungwa. Mafundi wa Zanzibar, wale ambao Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza na kuwaandikia kitabu mwaka 1995, watu wa kukokotoa mbio ndefu za kete kichwani bila kugusa shimo, nao wamefungwa, tena wao kwa wao. Mtazamaji wetu hajafungwa hata mara moja. Rekodi hiyo anailinda kwa nidhamu kubwa: haketi. Ukimkaribisha acheze, goti linamuuma. Ni goti hilo hilo linalomsimamisha kuanzia alasiri hadi magharibi.

Tazameni hesabu yake ilivyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana nusu yake, na nusu hiyo inamtosha kwa wasiwasi. Mtazamaji hana hata kete moja, kwa hiyo zote ni zake. Wakati wa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, mimi nina kete 22 za kutia, na kila moja lazima nichague pa kuitia. Yeye naye huchagua, ila huchagua baadaye, mambo yakishajulikana. Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani, shimo langu kuu, nina njia mbili, nilale au nisafiri na nyumba nzima. Nikilala, yeye keshasafiri na amefika. Nikisafiri, yeye kalala zamani, kajifunika shuka. Kuna siku nilisafiri na nyumba nikamla mwenzangu safu yote ya mbele, watu wakasimama kunipa mkono. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema mchezo ule ulikuwa umekwisha raundi tatu nyuma, mimi nilikuwa nauburuza tu. Kumbe hata ninaposhinda, mshindi ni yeye. Mtu wa namna hii utamfungia wapi? Ni sawa na kupiga teke kivuli.

Sifa zake nyingine ni ndogo ndogo. Huwahi kufika. Hunywa kahawa ya kila mtu bila ubaguzi. Ni mwadilifu: shauri alilonipa mimi humpa na mpinzani wangu, kwa sauti ile ile. Kumbukumbu yake ya makosa ya watu haina mfano. Ya madeni yake sijaipima.

Tena ana kidole. Kidole hicho huanzia hewani, kinaonyesha tu, hakina neno. Kisha kinashuka. Kisha kinagusa ukingo wa shimo, kana kwamba kinapangusa vumbi, halafu... jamani, toa mkono! Kete zimeshachanganyika, nani sasa anajua shimo la kichwa lilikuwa na ngapi? Keti ucheze au nenda kashone wavu wako, ule uliotoboka tangu kaskazi na papa anaupita kama mlango wa msikiti!

Nawaomba radhi. Nilikuwa nasifu.

Wacheza gofu wa Mombasa na Entebbe wameyamaliza haya kwa kanuni: katika mashindano ya kuhesabu mapigo, ukiomba shauri kwa asiye kedi wako wala mshirika wako, unaongezewa mapigo mawili. Sisi hatuna kanuni hiyo, na tungekuwa nayo, yeye ndiye angetusomea.

Lakini nikimpima na watazamaji wenzake, naona haya kumpunja. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, Cabo Delgado imejaa watu wa kusimama nyuma yetu. Huja na vizibao vyenye mifuko mingi, hufikia Pemba, hukutana hotelini, na kila mmoja anajua kete ile tungeitia wapi. Katika kikao kimoja nilichohudhuria mimi, mgeni alitufundisha kufuga kuku. Waliokuwa mbele yake ni wavuvi, na swali lao lilikuwa moja: lini wataruhusiwa kutoka na mashua usiku? Tukaandikwa majina, tukatia sahihi, tukapewa kofia.

Gesi ya bonde la Rovuma iligunduliwa mwaka 2010. Novemba 2022 shehena ya kwanza ikaondoka, kutoka mtambo wa Coral Sul unaoelea mbali baharini. Kwenye bao hilo watazamaji tumefanywa sisi, na kidole hakifiki.

Katika uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024, waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliona kasoro katika kuhesabu na matokeo yaliyobadilishwa bila sababu ya maana. Wakaandika. Desemba Baraza la Katiba likamtangaza mshindi, na kete zikaendelea kutembea.

Mtazamaji wetu haandiki. Ijumaa moja mtu alificha kete kiganjani, na aliyeiona ni yeye peke yake. Alipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi. Bao likamwagwa, kete zikahesabiwa moja moja mbele ya hadhara: 63. Mlango hakuna, lakini alisimama mlangoni. Adhana ikaadhiniwa, hakuna aliyethubutu kuinuka, mpaka ya 64 ikadondoka kutoka kwenye msuli wa mtu ambaye hadi leo anaapa kwamba hajui ilifikaje.

Siku za karibuni alikuja kijana wa mradi mmoja, ana karatasi za maswali. Akaketi mkekani, akaanza kuniuliza nyumbani kwangu tunakula mara ngapi kwa siku. Kabla sijajibu nikaona mwenzetu ameiacha nguzo, amejipanga nyuma ya kijana, mikono mgongoni, anasoma.

“Hapo ulipotia tiki sipo,” akamwambia. “Halafu swali la tatu ungeanza nalo, hili ungeliweka akiba.”

Kijana akageuka, akamwamkia kwa adabu, akauliza mzee ana wadhifa gani hapa dago.

“Sina, mwanangu. Natazama tu, kama wewe. Haya, futa hiyo, tia huku.”