Mashahidi wa Kitambi

Mtu akinenepa baada ya miaka arobaini, mtaani kwetu Tabata hakuna anayemwuliza swali. Anaongezewa kiti. Mlinzi getini anampigia saluti, konda wa daladala anamwita bosi, na kwenye shughuli firigisi inamtafuta mpaka inampata. Kitambi changu kilinifanyia kazi ambayo vyeti vyangu vilishindwa: dukani nilikopeshwa mchele bila hata jina kuandikwa. Lakini mtu huyohuyo akianza kukonda, kila mwenye mdomo ana la kuuliza. Unaumwa? Umesimamishwa kazi? Shemeji hapiki siku hizi?

Kwa hiyo anayetaka kupunguza mwili akiwa na umri wangu asianze na mazoezi wala na mlo. Aanze na watu. Na si watu wa kumtia moyo tu, maana moyo mtu anaweza kujitia mwenyewe akishafunga mlango. Ni watu wa kumtolea ushahidi.

Wa kwangu niliwapata kwenye benchi la kliniki ya presha. Tulikuwa watano, na benchi lenyewe liliandikwa la watu saba. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, mama muuza vitenge, dereva wa bajaji ambaye abiria wake walilalamika kwamba nusu ya hewa anaivuta yeye, na nesi mmoja ambaye siku hiyo alikuja kama mgonjwa na hakupenda tumtambue. Wote tuliingia kwa daktari kwa zamu na wote tukatoka na maneno yaleyale: punguza uzito. Tukacheka pamoja, tukapeana namba za simu. Kikundi hakina jina mpaka leo, kwa sababu kila jina lililopendekezwa lilimuudhi mtu.

Mama wa vitenge ndiye aliyetupa katiba. Yeye ni mtu wa vikoba, na kwa imani yake hakuna jambo duniani lisilotengenezeka kwa sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na faini. Akiba yetu ingekuwa kilo. Ukipungua, unapigiwa makofi. Ukiongezeka, kila kilo shilingi elfu mbili ndani ya sanduku. Ukichelewa kupima, shilingi elfu moja. Ukisema mizani ni mbovu, elfu tano, na kipengele hicho kiliingizwa kwa ajili ya Mwalimu.

Mizani ya kwanza kwa kweli ilikuwa mbovu, au iliharibika tulipoifikia. Ilikuwa ile ya kioo ya kuweka bafuni, nayo ilipasuka Mwalimu alipoipanda na mguu mmoja ili, kwa maelezo yake, apate nusu na kuizidisha mara mbili. Tukahamia ghala la nafaka la jirani, kwenye ile mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mahindi. Mizani ile haina siri. Kuli anayeisoma amezoea kupaza sauti ili karani aliye ndani asikie, na hakuona sababu ya kubadili utaratibu kwa ajili yetu. Jumamosi ya kwanza nilipanda mbele ya wateja wa unga.

“Mia na kumi na mbili!” akaita. “Karani, hii lumbesa!”

Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Likizidi ndilo hilo lumbesa, na mwenye mzigo hupigwa faini. Kwa hiyo kijana hakunitukana. Alinisomea sheria. Wateja walicheka, nami nikashuka nikiwa na lengo la kwanza la maisha yangu lililowekwa na serikali: kuwa gunia halali.

Baada ya mizani tunakaa nyuma ya ghala kwa ajili ya toba. Kila mmoja anasema alichokula bila kuulizwa. Hapo ndipo nilipojua jinsi Kiswahili kilivyo na huruma kwa mlaji. Mama wa vitenge hajawahi kula kitumbua. Huwa anaonja sukari kama imekolea. Dereva wa bajaji hali zege, ila akiwa kijiweni wenzake huisukuma sahani upande wake. Mimi nilitubu kuhusu chapati, nikaambiwa nieleze kama ilikuwa moja iliyokunjwa au mbili zilizobandikana.

Nilisoma baadaye kwamba mama mmoja wa Queens, New York, Jean Nidetch, alianza vivi hivi. Alikuwa na kilo kama 97, mtu alishamdhania ni mjamzito, na mwaka 1961 akawaita rafiki zake nyumbani ili awe na watu wa kuwaambia habari za biskuti alizokuwa akizificha bafuni. Wakarudi wiki iliyofuata na wenzao, na mwaka 1963 mazungumzo yale yakawa kampuni ya Weight Watchers. Nimewaeleza wenzangu kwamba kumbe hapa tumekalia utajiri. Dereva akauliza kama yule mama alitozwa faini.

Mwalimu alikuwa na utetezi wake mmoja, na aliupenda. Alisema mwili ukishavuka arobaini hauchomi chakula tena, kwa hiyo tusimhukumu kwa kosa la umri. Nesi akamjibu kwa utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021, wa watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga mpaka mzee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, kasi ya kuchoma nishati haibadiliki kitu kati ya miaka 20 na 60. Kinachopungua ni misuli isiyotumika, na usingizi, na kwa akina mama wanaokaribia ukomo wa hedhi mafuta huhamia tumboni. Mwalimu alikaa kimya wiki nzima. Alikuwa ameutegemea sana umri wake.

Mimi naona Nesi na jarida lake wamesahau jambo moja, nalo ni cheo. Nikiwa kijana nilitembea kwa miguu kutoka Tabata hadi Buguruni kuokoa nauli. Sasa napanda bodaboda kwenda kununua vocha. Zamani kwenye shughuli nilipewa wali uliopitiwa na mchuzi, na nyama niliisikia kwa wakubwa. Sasa mkubwa ni mimi. Huwezi kumkatalia mpwa wako aliyepiga goti na sinia.

Mazoezi tuliyajaribu kwa pamoja. Tulianza kwa kujiunga na klabu moja ya jogging, zile za vijana wenye fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo za kuitikiana. Ni watu wema. Walipoona tumebaki nyuma walirudi, wakatuzunguka na kutuimbia, na wimbo wenyewe ukatungwa papo hapo ukiwa na rangi ya suruali yangu ndani yake. Tatizo ni kwamba mbio zao zote huishia kwenye supu. Unafika unatweta, unapokelewa na bakuli la makongoro, limao, pilipili na chapati mbili, na mafuta uliyoyaacha barabarani yote yamekutangulia mezani.

Mwalimu, ambaye sasa alikuwa ameamua kuhamia upande wa sayansi, alitupigia hesabu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120. Mtu wa kilo zetu huhitaji kutembea kama kilomita mbili kuzimaliza. Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee. Kwenda na kurudi, basi, ni kijiko kimoja. Tuliposimama katikati ya daraja asubuhi moja, bahari chini na upepo usoni, mama wa vitenge alitazama ng’ambo ya Coco Beach, akauliza mishikaki wanayouza kule ni madaraja mangapi. Hatukumjibu. Toka siku hiyo nyumbani kwangu mafuta yanapimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, na sioni kama kuna zoezi lililonisaidia kuliko hilo.

Kilo zikaanza kutoka. Si kwa haraka, lakini zilitoka, na kuli akapunguza sauti. Nilipofika 100 kamili alinipa mkono. Nilipofika 93 matatizo yakaanza.

Mwenye duka akaanza kuniandika kwenye daftari. Mtu niliyekuwa na deni lake dogo la muda mrefu alikuja nyumbani saa moja asubuhi, akasema amepita tu. Sokoni mke wangu aliulizwa na wanawake wenzake kama siku hizi anapikia ndani au anapeleka kwao. Halafu jirani mmoja mwenye huruma nyingi akampigia simu shangazi yangu Muheza.

Naomba nisimcheke shangazi hapa. Watu wa umri wake wameona. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, na wenzetu wa Uganda waliuita kwa neno la Kiingereza la wembamba. Kwa miaka mingi kukonda hakukuwa habari ya urembo, kulikuwa barua. Shangazi amewaogesha vijana waliokonda hivyo, akawazika, na dawa za kufubaza virusi zilipokuja zikawakuta hawapo. Kwa hiyo alipoambiwa mtoto wa kaka yake suruali inamvuka, hakusubiri picha. Alipanda basi.

Alinitazama mlangoni kuanzia juu hadi chini, hakuitikia shikamoo yangu, akamgeukia mke wangu na kusema, “Kesho kikao.” Wakaitwa wajomba wawili na binamu mmoja mwenye gari.

Usiku ule niliwapigia wenzangu wa benchi. Walifika wote wanne wakiwa wamevalia vizuri, Nesi na kanzu yake nyeupe ya kazini, Mwalimu na daftari letu la kilo chini ya kwapa. Mke wangu naye alikuwa na utetezi wake. Kwa vile alishitakiwa kwamba hapiki, alipika. Alipika pilau la ng’ombe, kachumbari, kuku wa nazi na ndizi za kuchemsha, akaviweka katikati ya mkeka kabla mtu hajafungua mdomo.

Nesi alianza kwa adabu. Akamweleza shangazi kwamba mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wamekaribia kuugua kisukari. Wale waliofundishwa kupunguza asilimia saba tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kuugua ilishuka kwa asilimia 58. Kwa wenzao waliopewa vidonge ilishuka kwa asilimia 31.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. “Na hao Wamarekani,” akauliza, “walikonda wakiwa na wake zao, au walikuwa wameachwa?”

Mwalimu akafungua daftari. Alionyesha mstari aliouchora kwa rula, jinsi kilo zangu zilivyoshuka Jumamosi kwa Jumamosi, akasema ugonjwa haushuki kwa mpangilio namna hii. Mjomba mkubwa akamwomba aonyeshe mstari wake yeye. Mwalimu akafunga daftari.

“Maneno mengi,” shangazi akasema. “Mgonjwa hujulikana kwa sinia. Ale nimwone.”

Hapo hapakuwa na njia. Heshima ya mke wangu ilikuwa imepakuliwa mbele yangu, ina viazi na mdalasini. Nikala sahani ya kwanza. Shangazi akaniongezea nikala ya pili. Mashahidi wangu, ambao desturi haikuwaruhusu kuangalia tu, walikaribishwa nao wakasogea, kwanza kwa ajili ya heshima, kisha sidhani kama heshima ilikuwamo tena. Dereva wa bajaji alikula kama mtu anayetetea ndoa yake mwenyewe. Mama wa vitenge aliendelea kuonja chumvi mpaka ukoko. Kesi ikafutwa, mke wangu akaombwa radhi, na mjomba mwenye ndevu akasema hajapata kuona wagonjwa wenye afya namna ile.

Shangazi alibaki mpaka Jumamosi ili aione mizani kwa macho yake. Sote watano tulikuwa tumepanda, na sanduku lilipokea faini nyingi kuliko siku yoyote tangu lianze. Kuli alitangaza kilo za kila mmoja. Shangazi alimkemea kwa kuwaita watu wazima kama mizigo, kisha akavua viatu, akakabidhi mkoba, akapanda mwenyewe. Kuli, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akiogopa, alimnong’oneza. Shangazi akamwambia atoe uzito wa khanga mbili na wa pilau. Halafu akauliza kiingilio ni shilingi ngapi, na kama mtu anaweza kulipa faini kwa simu.

Nesi alimwandika. Kila Jumamosi anatutumia ujumbe kutoka Muheza akiwa ametoka kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa pilipili manga, na amepungua kilo nyingi kuliko sisi sote. Mwalimu anasema mizani ya mnunuzi wa mazao haijawahi kumsomea mtu kilo zake zote. Tumemtoza elfu tano.