Kwa Mfalme Hakuna Bei

Msafiri mwenye mfuko mwepesi aogope mahali pasipo na ubao wa bei. Mkahawani utaona ukutani kuku ni shilingi mia nne, utaagiza chai ya rangi, utaondoka na heshima yako. Langoni mwa hifadhi utakuta kiingilio kimeandikwa, raia kiasi hiki na mgeni kiasi kile, na ukibisha mlinzi anakunyooshea kidole kwenye bango. Lakini kwa mfalme hakuna anayekutajia kitu. Watu wanakutazama tu, na wewe mwenyewe unaanza kutoa.

Haya nilijifunza nikiwa Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega. Buyangu ni pahali pa watu wa mfuko wangu: kibanda cha nyasi, taa ya mafuta, jiko la kuni, na juu ya miti mbega weusi kwa weupe wanaruka bila kudai chochote. Upande huu ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na tangu hapo kima wameielewa sheria kuliko sisi. Wanajua hawapigwi. Mmoja aliingia kibandani alfajiri, akaondoka na mkate wangu mzima kwa mwendo wa mtu aliyelipia, akapanda mpera, akala sehemu laini ya ndani na kunirushia maganda. Mkate ule ulikuwa wa siku mbili. Wanaotoa mawaidha ya kusafiri kwa gharama ndogo hawajasema popote mtu atenge kiasi gani kwa ajili ya kima.

Basi, tumbo likiwa tupu, nikaamua kwenda mahali ambapo kwa hesabu zangu mgeni hulishwa: kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, kule Matungu, mbele ya Mumias. Msidhani ni njaa tu iliyonituma. Hesabu zangu zilikuwa na historia nyuma yake. Mimi ni mtu wa Pwani, na Mumias ya leo, enzi zile ikiitwa Elureko, ndiko misafara kutoka Pwani ilikopumzika ikielekea Buganda. Njiani kote misafara ilitozwa hongo, kila mwenye mikuki akidai nguo na shanga zake. Ikifika kwa Nabongo, ilipata nafaka na pahali pa kulala. Mvumbuzi Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 na kupaita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, ingawa Shiundu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na mwanawe Mumia ndiye aliyekalia kiti. Askofu James Hannington naye alipita mwaka 1885, akaondoka salama. Yaliyomkuta mbele, Busoga, alikouawa, hayo si ya Mumia. Nikajiambia: mtu aliyelisha misafara yenye mamia ya wapagazi, nyumba yake itashindwa na mimi mmoja niliyeibiwa mkate?

Nikamuaga mama anayetuuzia kuni na mboga.

"Unaenda wapi, baba?"

"Kwa Nabongo."

"Yule wa Wanga?" Akaweka chini mganda wa kuni. "Sisi hapa ni Kabras. Sisi hatukuwahi kuwa na mfalme. Kila mzee ni mfalme kwake."

Alisema kweli. Katika jamii zote za Waluhya, Wawanga ndio waliosifika kwa kuwa na ufalme hasa. Wengine walijiendea na wazee wao wa ukoo. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu, na watu wa nyumba yake wakatumwa kutawala majirani ambao hawakuwa wameomba kutawaliwa: Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Majirani hao walinung'unika kwa miaka mingi hadi wakapata machifu wao wenyewe. Kwa hiyo kumtaja Nabongo upande huu ni kama kumsifu mama mkwe mbele ya mke. Nilikuwa tayari nimekubali yaishe, mama akaendelea:

"Lakini huwezi kwenda mikono mitupu. Utatuaibisha."

"Mama, si umesema si mfalme wenu?"

"Si wetu. Lakini wewe umelala kwetu."

Mkono mtupu haulambwi, hilo hata sisi wa Pwani tunalijua. Ikatokea, kwa baraka za Mungu, kwamba mama mwenyewe alikuwa na jogoo wa kuuza. Jogoo mwekundu, kishungi kimekatika upande mmoja, kucha za nyuma ndefu, jicho la mtu anayekudai. Nikauliza bei.

"Mtu mwingine ningemuuzia mia saba. Huyu wa kwenda kwa mfalme ni elfu moja."

"Si ndiye huyo huyo?"

"Utampelekea mfalme jogoo wa mia saba?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa elfu moja. Jogoo akafungwa miguu kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, nikakabidhiwa kichwa chini, akageuza shingo na kunitazama kutoka huko huko.

Kijana wa boda boda aliyenitoa langoni hadi Kambi ya Mwanza, kwenye barabara kuu ya Kakamega na Webuye, alinitoza mia moja, naye akataka kujua jogoo anaenda wapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Mfalme? Mimi sina mfalme, mkubwa. Mimi nina mkopo wa pikipiki."

Kwenye matatu mambo yalikuwa ya kisheria zaidi. Makanga alimtazama jogoo, akanitazama mimi, akasema kuna nauli yake. Nikamwambia nimempakata, hajakalia kiti cha mtu. Abiria wakagawanyika. Mama mmoja mwenye kikapu cha mapera akasema kuku ni mzigo. Mzee mmoja akasema mzigo hauna macho. Makanga akatoa hukumu: "Akinyamaza, mzigo. Akiwika, abiria."

Tulikuwa hatujatoka steji. Jogoo aliinua shingo, akawika wiko refu la kuamsha kijiji. Gari zima likapiga makofi. Nikalipa nusu nauli, ya mtoto, na hata hiyo niliipata kwa kuombewa na mzee.

Kakamega tukabadilisha gari. Kutoka hapo kuelekea Mumias ndiko kwenye miwa, pande zote mbili, imesimama mirefu kiasi kwamba huoni nyumba, unaona moshi tu. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na hata baada ya mikosi yote iliyokipata, watu wa huku bado wanahesabu maisha kwa miwa: karo ya shule ni miwa, mahari ni miwa, deni ni miwa. Jirani yangu kitini aliniuliza jogoo yule nimemnunua bei gani. Nikasema elfu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, halafu nikamwambia anaenda kwa Nabongo. Akampapasa jogoo mgongoni. "Ah. Basi si ghali."

Nilianza kuona namna biashara hii inavyokwenda. Mfalme hajadai senti, wala hajui kama niko duniani, lakini kila alipotajwa bei ilipanda na aliyelipa akaonekana amepunguziwa.

Mvua ya Kakamega haina salamu. Ilitukuta juu ya pikipiki, kati ya Mumias na Matungu, na udongo mwekundu ukageuka sabuni. Mwendeshaji akaniambia nishuke nisukume. Nikasukuma kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umemkumbatia jogoo ndani ya koti, maana jogoo wa mfalme hafikishwi amelowa. Nilifika nimepakwa matope hadi masikioni. Jogoo alikuwa mkavu, safi, ametulia, na mtu asiyetujua angedhani yeye ndiye mgeni na mimi ndiye niliyemchukulia mizigo.

Kwa mtu wa Pwani, jumba la kifalme ni Beit al-Ajaib pale Unguja, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na baraza za ghorofa kwa ghorofa. Mwaka ule ule Thomson alikuwa akiingia kwa Mumia. Matungu hutakuta nguzo za chuma. Utakuta kituo cha utamaduni, makaburi ya Nabongo waliotangulia, na wazee ambao ndiyo maktaba. Alama za ufalme wa Wanga ni ngozi ya chui, mkuki na bangili ya shaba, vitu ambavyo mtu anaweza kuondoka navyo mbio adui akija. Sikutarajia kumwona Nabongo mwenyewe. Aliyeamka bila mkate hapaswi kuwa na tamaa nyingi. Lakini mzee mmoja wa jirani, anayezijua habari za ukoo, alinihurumia kwa yale matope, akanikaribisha kwake nijipanguse.

"Mulembe," akanisalimu. "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Mombasa, mzee. Ila leo nimetokea Buyangu."

"Aa, mtu wa Pwani!" Akawaita wajukuu waje kuona. "Nyinyi mlifika hapa zamani. Mlituletea nguo, bunduki na dini. Mkala. Mkaondoka. Leo ndiyo mnarudi na jogoo mmoja?"

Ndipo nilipoelewa kwamba nimekuja kulipia misafara yote.

Mzee alikuwa na jambo la kusema kuhusu wageni, na alilisema bila uchungu. Waswahili tuna msemo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mumia, alisema mzee, alikuwa mwungwana mno kwa jembe. Wapwani walikuja, wakauza, wakaenda zao. Waingereza walikuja, wakaomba pahali pa kupiga hema, na miaka ya 1890 Elureko ikawa kituo chao cha utawala. Mumia akawapa chakula, akawapa watu wa kwenda nao vitani. Kisha reli ikafika Kisumu mwaka 1901, misafara ikakoma kupita, na Elureko ikabaki na mgeni mmoja tu, yule asiyeondoka. Mwaka 1920 mgeni huyo akahamisha ofisi kwenda Kakamega. Mwaka 1926 akamstaafisha mwenyeji. Mumia aliishi hadi 1949, mzee sana, akiwa amewaona wageni wa kila namna na, kwa hesabu ya mzee wangu, hakuna aliyemletea kuku.

Baada ya hapo ungemtoaje jogoo ukasema ni mdogo? Nilimtoa kwa mikono miwili. Mzee akampokea kwa mikono miwili, akampima uzito, akasema maneno ya shukrani marefu, kisha akanirudishia.

"Chinja."

"Mzee, ni zawadi yako."

"Ni yangu. Na wewe ni mgeni wangu. Mgeni huchinjiwa kuku. Wewe ni Mwislamu wa Pwani, sisi hapa Waislamu tunao tangu Mumia, lakini leo kisu ni chako."

Kwao, mtu wa Pwani ni sheikh hata kama amevaa matope. Nikasoma bismillahi. Jogoo akanitazama mara ya mwisho kwa jicho lile lile la kudai.

Alikuja na supu nyeupe, isiyo na nazi wala bizari, na ugali wa wimbi mweusi uliokaa imara kwenye sahani. Nakiri kwa niaba ya Pwani nzima: supu ile haikuhitaji nazi. Ila nina malalamiko yangu. Mimi napenda firigisi. Jogoo nimemnunua mimi, nimemlipia nusu nauli, nimemkinga na mvua, nimemchinja. Na firigisi ikainuliwa kutoka bakulini mbele ya macho yangu, ikapita juu ya sahani yangu, ikatua mbele ya mzee. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye mji. Mzee aliitafuna polepole, akinitazama kwa upendo. Nikafahamu kwamba katika nyumba hii bado kuna kodi, na nimeshailipa.

Wakati wa kuaga nilijua niko salama, kwa maana sikuwa na kitu tena cha kutoa. Lakini kama mgeni haingii mikono mitupu, haondoki mikono mitupu pia. Ikaletwa karanga ya kujaza mfuko. Ukaletwa mkungu mdogo wa ndizi. Likaletwa fungu la miwa. Halafu, wajukuu wakipiga kelele nyuma ya nyumba, akaletwa mtetea mweupe, amefungwa miguu. Kukataa ni tusi. Nikapiga hesabu ya nauli ya kila kimoja hadi Buyangu, nikahisi ninachopewa kinanila.

Ndizi zililipiwa. Miwa ililipiwa na tena ikatafunwa na abiria, nami nikaambiwa asante. Mtetea aliepuka, kwani hakuwika, lakini nilikaa njia nzima nikimwombea dua ya kimya chake. Kufika Kambi ya Mwanza giza lilikuwa linaingia, nami nilikuwa na mpango: mtetea huyu nitamuuzia mama wa kuni, elfu moja kamili, na akibisha nitamuuliza kama anataka kufuga kuku wa mia saba aliyetoka kwa mfalme. Hapo ningerudisha fedha zangu zote.

Kijana wa boda boda alikuwa bado pale steji. Aliangaza tochi kwenye karanga, ndizi, vipande vya miwa vilivyosalia na mtetea mweupe.

"Mia mbili, mkubwa."

"Asubuhi ilikuwa mia!"

"Asubuhi ulikuwa mtu wa kawaida."

"Wewe si ulisema huna mfalme?"

"Sina," akasema, akiuchukua mkungu wa ndizi na kuuweka juu ya tangi kwa uangalifu mkubwa. "Lakini wewe umetoka kwake."