Usiende Desemba: Mwongozo wa Kuchunguza Biashara ya Adu Kabla Hujaitia Pesa

Ukitaka kujua kama duka la Adu, kule Magarini, litakuwepo miaka kumi ijayo, usiende kulitazama Desemba. Desemba vijana wamerudi kutoka Mombasa na Malindi na mishahara yao, arusi zimepangana, kila mtu ana mgeni wa kumnunulia soda. Mwezi huo hata duka linalokufa hucheka. Ukitia pesa zako kwa lile ulilolitazama Desemba, umenunua Desemba, nayo haifiki Januari.

Nenda Machi. Vuka daraja la Sabaki, ingia bara, ufike Adu wakati kaskazi imeshakausha mpaka majani ya mkorosho. Mahindi ya vuli, kama yalipatikana, yameisha. Karo ya Januari imekula mbuzi wawili au watatu wa kila boma. Mvua ya masika bado haijasema neno. Mwenye duka anayekula na kuuza katika mwezi huo ndiye unayemtafuta, hata kama duka lake ni la mabati na lina rafu mbili tu.

Ukifika, usijitambulishe kama mtu mwenye pesa. Nunua soda, omba kukaa kwenye benchi, nyamaza. Kaa asubuhi watoto wanapotumwa, kisha rudi jua likitua, kwa sababu hizo ndizo nyakati mbili ambazo duka la kijijini hufanya kazi yake kweli. Hesabu vichwa kwa mafungu matatu: aliyelipa taslimu, aliyetuma kwa simu, na aliyesema aandikiwe. Hakuna atakayekuuliza unafanya nini. Mtu anayekaa dukani bila shughuli ni jambo la kawaida kabisa, na huo ndio mwanya wako.

Sikiliza mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, ma."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Asema umpe unga kilo moja na sukari ya ishirini."

"Na pesa?"

"Asema uandike."

"Mwambie mama ile ya juma lililopita bado iko. Nakupa unga. Sukari ataipata akipunguza."

Ukisikia hivyo, mtazame mama huyo vizuri. Katika maneno machache amefanya kazi ambayo benki huifanya kwa fomu za kurasa nyingi. Anajua deni la kila nyumba kwa kichwa, na halafu pia ameliandika. Anajua nyumba ile haitalala njaa kwa mkono wake, na anajua mpaka wa mkono huo uko wapi. Asiyekopesha kabisa Adu hatauza Machi, maana Machi hakuna mwenye pesa. Anayekopesha kila kitu hatakuwa na cha kuuza Aprili. Biashara ya muda mrefu inaishi katikati ya hao wawili, kwenye ule uamuzi wa unga ndiyo na sukari bado. Mimi nikiona uamuzi huo ukifanywa kwa adabu, bila kumwaibisha mtoto, nimeshajua nusu ya ninachotaka kujua.

Sasa inuka ujifanye unachagua kitu. Pitisha kidole juu ya makopo. Vumbi likiwa juu ya kitu kimoja, si neno. Vumbi likiwa juu ya rafu nzima, pesa imelala hapo, na pesa iliyolala haiwezi kwenda Malindi kuleta unga. Wengi huanza kwa kujaza duka ili lionekane duka: pafyumu, bilauri za maua, viatu vya ukubwa mmoja. Muulize mwenyewe nini kinatoka upesi kuliko vyote. Akijibu papo hapo, "unga, sukari, mafuta ya kupimwa, sabuni ya kukatwa na kiberiti," shukuru. Akisema vyote vinatoka, rudi kwenye lile vumbi.

Kisha liulizie daftari. Msemo wa mali bila daftari hupotea bila habari kila mtu Pwani anaujua. Waliousikia ni wengi, wanaoufuata ni wachache. Usitafute hesabu nzuri za kalamu nyekundu na buluu. Tafuta jambo moja: je, kile kinachochukuliwa na nyumba kimeandikwa? Sukari ya chai ya mwenye duka, sabuni ya watoto wake, nauli ya mkwe, mafuta ya taa ya mama mzazi. Duka linalokufa mara nyingi haliuawi na mteja wala mwizi. Linaliwa polepole na watu wenye haki ya kulila, na hakuna anayejua kiasi. Mwenye duka anayejiandikia deni kama anavyomwandikia jirani ni mtu wa kumpa dhamana.

Hapo watu wa semina za biashara huja na ushauri wa kukata jamaa. Siukubali. Katika Ugiriama mtu mwenye duka akifiwa na jirani, au hanga, yaani matanga, likiwekwa kwa wajomba, anatazamiwa atoe unga, majani ya chai, pengine mbuzi. Akikataa, ataamka asubuhi duka limejaa na wateja wamepita upande wa pili wa njia. Mchango wa msiba ni gharama ya biashara kama ilivyo leseni ya kaunti, kwa hiyo uandikwe na utengewe fungu tangu mapema. Swali la kumuuliza ni hili: "Mwaka jana misiba ilikuchukulia kiasi gani?" Mwenye jibu amefikiria.

Usidhani haya ni matatizo ya Adu peke yake. Mwaka 2016 Shirika la Takwimu la Taifa la Kenya lilitoa ripoti ya biashara ndogo na za kati. Ilikadiria ziko milioni 7.41 nchini, na katika hizo zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 tu. Biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Kwa wastani zilizofungwa zilikuwa na umri wa miaka 3.8. Upungufu wa pesa za kuendeshea kazi ulitajwa zaidi kuliko sababu nyingine yoyote. Mtu akisoma haraka ataona dawa ni mkopo. Lakini pesa za kuendeshea kazi hupungua kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi imo ndani ya biashara tangu siku ya kwanza, imekaa pale inangoja mwezi mbaya.

Chukua mashine ya kusaga, kwa kuwa ndiyo biashara ambayo kila mwenye kiinua mgongo huiota. Tuseme inasaga kilo 200 kwa siku kwa shilingi tano kila kilo. Hizo ni 1,000. Dizeli 450, kijana wa mashine 250, zimebaki 300. Mwenyewe anazidisha kwa siku 25 za kazi, anapata 7,500 kwa mwezi, anaanza kujenga nyumba. Lakini injini aliinunua kwa 90,000, na ikitunzwa itadumu miaka mitano. Maana yake kila mwezi imekula 1,500 yake yenyewe, yaani 60 kila siku ya kazi, mbali na nyundo na chekecheke zinazolika. Faida ya kweli ni 240.

Kisha Machi inaingia. Mahindi hakuna majumbani, watu wananunua unga wa pakiti nusu kilo nusu kilo, mashine inasaga kilo 60. Mapato ni 300. Dizeli 135, kijana bado anataka 250 zake maana naye ana watoto, injini bado inazeeka kwa 60. Kila siku mlango ukifunguliwa, 145 zimepotea. Weka miezi minne ya namna hiyo katika mwaka: miezi minane mizuri imeleta 48,000, minne mibaya imeondoa 14,500, zimebaki 33,500. Hiyo ni kama 2,800 kwa mwezi, wala si 7,500. Biashara bado ni nzuri! Inaweza kumlisha mtu miaka mingi. Lakini haiwezi kumlisha mtu anayeishi kwa 7,500. Kwa hiyo ukienda kuchunguza mashine ya kusaga, usiangalie injini kwanza. Angalia nyumba ya mwenyewe, uone anaishi kwa hesabu ipi.

Machi, hata hivyo, si mwezi mbaya wa kila mtu, na hapa wageni hukosea. Teremka kuelekea baharini, Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Kule jua ndilo kazi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa yakakauka, na vibarua hupata siku zao kaskazi inapowaka, wakati huohuo mkulima wa Adu ametia mikono mfukoni. Masika ikinyesha, chumvi inayeyuka, vibarua wanarudishwa nyumbani, na ni zamu ya mkulima kutumaini. Basi duka linalouza kwa watu wa chumvi lichunguzwe Mei, na la wakulima lichunguzwe Machi. Na ukikuta mfanyabiashara anayeuza kwa wote wawili, kwa mfano mama anayepeleka muhogo na mbaazi za Adu kwa vibarua wa Marereni, kisha akarudi na pesa za chumvi kununua mavuno ya Agosti, huyo ana kuku wa kutaga misimu yote. Mpe pesa kabla hajapewa na mwingine.

Muulize pia kila mfanyabiashara: akiondoka mnunuzi wako mkubwa, kesho utamuuzia nani? Wakulima wa korosho wa Kilifi walilijibu swali hili kwa uchungu. Kiwanda cha korosho pale Kilifi kilianza kazi miaka ya 1970 na kikawa ndilo soko la wakulima wa Pwani. Kilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, mikorosho ilibaki shambani na bei ikabaki mkononi mwa yeyote aliyepita na gunia na mizani. Anayeuza chakula kwa mradi mmoja wa barabara yuko hapohapo. Mradi utakwisha, barabara hujengwa ili ikamilike.

Sehemu hii ya Magarini imeshaona pia kwamba ukubwa wa mtaji si dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya na ya Australia zilianza mpango mkubwa wa makazi ya Magarini, kwa wataalamu, mashine za kung'oa vichaka na pesa ambazo hakuna mwenye duka atakayeziona. Watu walikusudiwa waishi kwa kilimo cha kutegemea mvua katika nchi ambayo mvua yake haishiki ahadi. Maji yalitafutwa ardhini kwa shida kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Australia ilijitoa. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson waliandika kitabu kizima kuhusu jinsi nia njema ilivyokwenda mrama pale. Wazee wanaoijua nchi hii kwa miguu wangeliweza kusema mapema mwaka wa mvua mbaya unafananaje. Kisha mvua ziliposhindwa msimu baada ya msimu kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, wafanyabiashara wadogo wa huku walipita mtihani uleule bila mtaalamu hata mmoja. Kwa hiyo swali bora kuliko yote unaloweza kumuuliza mwenye biashara ya zamani ni: "Mwaka ule wa ukame, ulifanya nini?" Mmoja atakuambia alipunguza kipimo, akauza mafuta ya shilingi kumi. Mwingine aliacha kuuza nguo akabaki na chakula tu. Mwingine alinunua mbuzi waliokonda kwa bei ya kutupa na nusu wakafa. Wote watatu wamekufundisha, na wa kwanza ndiye wa kushirikiana naye.

Mambo mengine yapitie upesi. Kama anajazia stoku kwa Fuliza, ule mkopo wa simu, faida inakwenda kwa wakopeshaji. Kama jirani amefungua duka la aina ileile, usiogope mpaka uone nani anafungua mapema. Kama barabara ikiloa lori halifiki, uliza huwa anaweka akiba ya siku ngapi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, aliyezoea kufunga sukari ndogondogo kwa plastiki akahamia karatasi ndani ya juma moja alionyesha kitu ambacho cheti hakionyeshi.

Baki na jaribio la mwisho, nalo lifanye tu kama umeshakusudia kweli. Mwombe mwenye biashara aondoke siku saba. Aende Malindi, aende kwa dadake, aende popote, simu aizime mchana. Aache funguo kwa yule kijana au mkewe au mumewe. Biashara inayokwama mwenyewe akiumwa malaria haijawa biashara bado, ni kibarua alichojiajiri, na haistahili ubia. Kabla hajaondoka hesabuni stoku pamoja, kila kopo na kila kibaba, muandike. Akirudi hesabuni tena mbele ya aliyeachiwa, pesa za droo, za simu na za deni jipya kila moja kwa fungu lake. Ikipungua kidogo na sababu ikajulikana, tia pesa zako. Ikizidi, mpandisheni huyo kijana mshahara siku hiyohiyo.