Simile, Napita!

Binti yangu yuko kidato cha pili, na tangu Juni ituingilie na baridi yake hapa Nambis, sina amani katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Jioni tumebanana jikoni tunaota moto, yeye huyo na daftari la Kiingereza.

"Baba, setingi ni nini?"

Nani asiyejua setingi? Nikamwambia ni kile kigurudumu chenye meno kwenye simu, ukikibonyeza unabadilisha mlio na kuzima data. Akanitazama kama anayemtazama ng'ombe aliyemeza nailoni. "Baba, ya kwenye hadithi." Kumbe kitabu chao, Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, yule Mwingereza wa kuzaliwa aliyekuja kufundisha huku akabaki akawa Mtanzania, nacho kina setingi yake bila simu. Tena kina ploti. Hapo nikakaa vizuri kwenye kigoda, maana ploti naijua: kiwanja! Nikamsimulia ile ya kwangu ya barabarani, jirani alivyousogeza mpaka hatua tatu usiku wa manane, mpatanishi alivyomla jogoo wangu mpaka mifupa kisha akaniambia nisubiri. Nilipofika penye baraza la ardhi, mtoto alikuwa ameshageukia ukurasa wa pili.

Aironi nikasema ni pasi. Mama yake akacheka hadi mwiko ukamponyoka.

Lakini niseme ukweli, kosa si langu. Mtoto huyu nyumbani anasema Kiiraqw. Kiswahili alikikuta shuleni, akakitumikia miaka 7, na siku alipokizoea akavushwa kidato cha kwanza, masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 iliruhusu Kiswahili kifundishie mpaka juu. Labda ilikwama njiani, ikipanda mlima kuja kwetu. Wala usidhani ingenisaidia mimi: nimelichungulia daftari lake la Kiswahili, nikakuta tashbihi, tashihisi, sitiari na mubalagha. Unamkimbia Mwingereza, unaangukia kwa Mwarabu.

Basi siku moja nikaona neno nikaruka. Limeandikwa wazi kabisa: simile. "Hili letu!" nikasema. Ujanani nilisukuma mkokoteni Tanga mjini, na kwenye vichochoro tulikuwa tunapaza sauti, "Simile! Simile!" Yaani pisheni, mzigo unapita.

"Mwalimu amesema ni kufananisha kitu na kitu, lazima useme kama."

"Mwalimu wako amewahi kusukuma mkokoteni?"

Baba yangu alikuwa pembeni ya moto, amejifunika blanketi hadi masikioni. Mzee huyu hajawahi kukanyaga darasani, ila kikao kikiisha ndiye anayetafutwa kwa slufay, zile baraka zetu: mzee anasema, watu wanaitikia, na humo ndani mvua, mifugo na amani vinapishana kwa mafumbo. Sijasikia mtu akimwuliza dhamira ni ipi. Akamwita mjukuu wake kwa kidole.

"Baba yako," akasema taratibu, "ni kama gunia la vitunguu saumu sebuleni. Kazi halifanyi, lakini nyumba nzima inajua lipo."

Nilikuwa na magunia matatu sebuleni, nasubiri bei ipande. Tangu Aprili.

"Aako, babu yangu! Hiyo ndiyo simile!" Mtoto akaandika mbio mbio, ulimi nje. Nilimwomba aandike "mtu fulani". Akasema mwalimu anataka mifano halisi.

Akapata vema mbili. Nisingelalamika kama mambo yangeishia daftarini, lakini mwalimu kwa furaha yake akausoma mfano huo mbele ya darasa zima, na kila mwanafunzi ana wadogo zake nyumbani, na wadogo wana wenzao wanaochunga mbuzi barabarani.

Jumamosi nimejitwisha gunia moja, bei haijapanda lakini nimechoka kusemwa, nakwenda zangu kusubiri gari. Pale kwenye mteremko kundi la watoto wakaniona kwa mbali. Hakuna aliyesema neno. Wakabana pua kwa vidole, kulia watatu, kushoto wanne, wakaniachia njia yote katikati.

Nikapita. Jioni nikamwambia binti yangu amweleze mwalimu kwamba maana yangu nayo ni sahihi, na vema zangu nazitaka.