Mura, anza na uzi mnene

Mura, kabla hujamtumia mtu yeyote pesa ya sinthesaiza, nunua kilo mbili za sukari, panda boda, nenda kwa mzee anayepiga ritungu. Mwamkie, kaa chini, na siku hiyo ya kwanza simu ibaki mfukoni. Subiri avute uzi mnene kuliko yote, kisha omba ruhusa uweke kiganja kwenye ngozi ya chombo. Ule mtetemo unaopanda hadi kwenye kiwiko ndio unaokwenda kuununua. Ukiusahau njiani utarudi nyumbani na kinanda chenye sauti mia tano, na hakuna hata moja itakayokutikisa kifua.

Ritungu la Wakurya lina nyuzi nane. Nyatiti ya Waluo wa Rorya ina nane pia, na obokano ya Wagusii, ukishavuka mpaka wa Sirari, vilevile nane. Na ritungu hushuka chini sana, huko ambako spika ya simu haifiki. Kijana aliyekulia Tarime au Mugumu ana sikio la besi tangu utotoni, na ndiyo maana namsihi asianze na kinanda cha kwaya. Sikidharau kinanda hicho. Kina midundo yake na spika zake, na kimebeba ibada na harusi zetu kwa miaka mingi. Ila sauti zake zilitengenezwa zamani na mtu mwingine: unabonyeza namba, unapewa ulichopangiwa.

Sinthesaiza ya analogi haina sauti iliyorekodiwa ndani yake. Ina umeme unaotikisika, na wewe ndiye unayeutikisa. Osileta ni uzi wenyewe. Filta ni kama kiganja kinachofunika mwangaza wa sauti na kubakiza uzito wake. Envelopu ni tabia ya kidole: kimevuta kwa ghafla au polepole, kimeachia au kimezima. Aliyemtazama mpiga ritungu kwa saa moja ameshaelewa nusu ya kitabu cha maelekezo.

Sasa tuje kwenye bei. Minimoog Model D ilitoka Marekani mwaka 1970, ikatengenezwa hadi 1981, na besi yake bado inatafutwa. Kampuni ya Moog ilipoirudisha sokoni mwaka 2022 iliiuza dola 4,999. Hiyo ni mahari, mura, si bei ya kinanda. Behringer, kampuni iliyoanzia Ujerumani na yenye kiwanda chake nchini China, ilitoa nakala yake, nayo ikiitwa Model D, kwa takriban dola 300. Nakala hiyo ni boksi dogo lisilo na vibao vya kupigia, lakini ndani yake kuna osileta tatu na filta ya aina ileile. Kwa besi, inatosha kabisa. Atakayekuambia umenunua feki muulize kama amewahi kuipiga.

Kunakili kwenyewe hakunisumbui. Kila ritungu lililoko Tarime limenakiliwa kutoka ritungu la mzee fulani, na hati ya uvumbuzi ya filta ya Robert Moog, iliyotolewa mwaka 1969, iliisha muda wake zamani. Tazama pia TB-303 ya Roland. Ilitoka mwaka 1981 ili impigie besi mpiga gitaa aliye peke yake, haikuuzika, na kufikia 1984 ikaachwa. Vijana wa Chicago wakaiokota kwa bei ya mtumba, wakapindisha vitufe vyake, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa wimbo wa Acid Tracks. Kwa muda mrefu baada ya hapo chombo hicho kilikuwa cha wenye fedha. Behringer ilipoleta TD-3 mwaka 2019 kwa dola 150 hivi, iliwarudishia vijana wa aina ileile mlango waliokuwa wameufungua wenyewe. Ninalolikataa ni kunakili kitu ambacho mwenyewe bado anakiuza. Swing, kinanda kidogo cha Behringer cha kuongozea sinthesaiza, kinafanana mno na KeyStep ya kampuni ya Arturia, na KeyStep ilikuwa bado dukani. Hapo mimi narudisha pesa mfukoni.

Ukishaamua kununua nakala, geuza kinanda cha kwaya uangalie mgongo wake. Unatafuta tundu la duara lenye matundu matano madogo ndani. Hilo ni MIDI, lugha ambayo vinanda vya kampuni mbalimbali vimekuwa vikisemezana tangu 1983. Likiwepo, waya mmoja unatosha: unapiga vibao vya kwaya, Model D inanguruma. Kama kuna tundu la USB peke yake, utahitaji kompyuta katikati, na gharama inapanda. Piga pia hesabu ya usafiri, ushuru na spika. Model D haina spika.

Halafu kuna umeme. Nakala hizi zinataka adapta, na ukikatika ukiwa katikati ya wimbo, wimbo umeishia hapo. Anayeishi kijijini, mbali na Mugumu mjini, ninamwelekeza kwa kampuni ya Korg: Volca Bass ya mwaka 2013 ni analogi, inakula betri sita ndogo kama zile za rimoti, na ina spika yake ndani. Spika hiyo ni ndogo, haina ngurumo, lakini utajifunzia hata chini ya mwembe. Na mwenye kompyuta tayari asijione mnyonge. Singeli ya Dar es Salaam imejengwa kwa programu za kompyuta na imezunguka dunia.

Lakini ungenishika mkono na kuniuliza nichague kimoja kwa ajili ya mtoto wa Tarime, nisingekupa nakala yoyote. Ningekupa Korg Monologue. Ilitangazwa mwishoni mwa 2016, bei yake ikiwa sawa na ya nakala ya Behringer, dola 300 hivi. Inatoa sauti moja kwa wakati mmoja, ina vibao vyake 25, na inatumia betri sita zilezile. Ila sababu yangu ni nyingine. Mpiga ritungu hakazi nyuzi zake kwa kufuata piano. Anazikaza kwa kufuata koo lake, na umbali kati ya uzi na uzi ni wake. Vinanda vingi vitamlazimisha aimbe kwenye ngazi ya watu wengine. Monologue inakuruhusu kupanga kila kibao juu au chini kidogo kidogo hadi kikae unapotaka, na kuihifadhi ngazi hiyo. Sehemu hiyo Korg waliifanya kwa kushirikiana na Aphex Twin, mwanamuziki wa Uingereza, na sijui kama kuna mtu inayemfaa kuliko sisi.

Basi rudi kwa mzee, asubuhi, na sukari nyingine. Asubuhi za Tarime zina baridi, na osileta za analogi huhama kidogo zikiwa zinapata joto, kwa hiyo washa chombo kwanza, mnywe chai. Mwambie: “Tata, naomba uzi mmoja mmoja.” Avute ule mnene, nawe ushike kibao cha mwisho kushoto. Mwanzoni utasikia sauti mbili zikigombana, wuu-wuu-wuu. Sogeza kidogo. Ugomvi utapungua kasi, wuuu, wuuu, kisha utatulia na hutajua tena ipi inatoka kwenye ngozi na ipi kwenye waya. Hifadhi. Nenda uzi wa pili.

Mkimaliza wa nane, mpe vibao apige yeye kwanza. Na mkija kurekodi, jina lake litangulie lako, kwenye wimbo na kwenye fomu ya hakimiliki ya COSOTA.