Sifa za Jogoo Asiyekamatika

Mkoani Mara anayesifiwa ni ng'ombe. Ng'ombe hulipa mahari, hupatanisha koo, na mwenye kundi kubwa husikilizwa hata anapokosea. Sijapata kusikia mzee akisimama kwenye kikao cha ukoo kumsifu jogoo, sembuse jogoo wa tano katika nyumba yenye mitetea wanane. Naomba basi kazi hiyo niifanye mimi, kwa niaba ya kaya za Buhare ambazo kila jioni huazimia kupunguza majogoo, na kila alfajiri huamshwa na walewale.

Tukubaliane kwanza kwamba hatukukosa wa kutushauri. Chuo cha Maendeleo ya Jamii tunacho humu humu Buhare, na bwana mifugo yeyote ukimsimamisha njiani atakupa hesabu bila kushuka kwenye pikipiki: jogoo mmoja kwa mitetea kumi hivi. Awe na kifua kipana, miguu iliyonyooka, macho maangavu na kilemba chekundu. Asiwe kaka wa mitetea anaowapanda. Akishatumikia mwaka mmoja, abadilishwe na wa jirani wa mbali, asije akawapanda mabinti zake. Waliobaki wauzwe au waliwe wakiwa bado mapora, kabla hawajaota vipi vya kuumizana. Ushauri huo ungefuatwa, leo nisingekuwa na wa kumsifu.

Tatizo ni jinsi uteuzi unavyofanyika nyumbani. Mayai huanguliwa siku ya 21, na karibu nusu ya vifaranga ni madume. Mwewe anachukua wake, nguchiro wake, na huku kwetu karibu na ziwa kenge naye ana fungu. Wanaosalia wanakua pamoja mpaka siku anapoingia mgeni wa heshima. Mgeni hapewi pora lililokonda. Anatafutwa mnene kuliko wote, firigisi yake ijae kijiko. Baada ya wiki mbili anapita mchuuzi, tenga nyuma ya baiskeli. Anawapima kwa mkono mmoja mmoja, anamchagua mzito, na ada ya mtoto inapatikana. Krismasi inamchukua aliyefuatia kwa uzito. Mpole, yule anayekuja akiitwa kwa pumba, anakwenda siku yoyote ambayo hakuna mtu mwenye nguvu za kukimbiza kuku.

Anabaki nani? Anabaki mwembamba wa miguu mirefu, halali bandani, analala juu ya mwembe, na anaujua mkono wenye pumba na mkono wenye kisu. Huyo ndiye baba wa vifaranga wote wa mwaka unaofuata. Sisi tunachagua wa kuondoka tu. Wa kubaki hujichagua mwenyewe. Na ni nani kati ya viongozi wetu anayeweza kusema, kwa ukweli kama huo, kwamba alipita bila kupingwa?

Nasaba yake haina doa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia kuku wote wa kufugwa hadi kwa kuku-mwitu wa misitu ya kusini-magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Kuku-mwitu hao hulala mitini mpaka leo. Kwa hiyo jogoo wetu anapolikataa banda ulilomjengea kwa mabati na misumari ya bei, usiseme ni mkaidi; anadumisha mila. Mlinganishe na broila, ambaye anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, hajawahi kuliona tawi, wala hajui kwamba babu zake walikuwa na miti.

Sauti yake inasingiziwa mengi. Wanasema anawika saa nane za usiku kwa kukosa adabu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, wakakuta bado wanawika kwa saa iliyo ndani ya miili yao, na kwamba huitangulia alfajiri badala ya kuisubiri. Miaka miwili baadaye wakaongeza jambo la kupendeza zaidi: jogoo mwenye cheo cha juu ndiye huanza, na walio chini yake hufuata kwa mpangilio wa vyeo. Maana yake ni kwamba majogoo watano katika uwanja mmoja ni kikao chenye nidhamu, kila mjumbe anasema kwa zamu yake na hakuna anayemkata mwenzake kauli. Mwenye kujua mkutano wa mtaa unaokwenda hivyo na anipeleke nikashuhudie.

Kuna pia siri ya masikio. Sauti ya jogoo karibu na kichwa chake huzidi desibeli 100, lakini watafiti wa Ubelgiji wamegundua kwamba anapofungua mdomo kuwika, njia ya sikio hujiziba. Anawapigia kelele majirani wote, yeye mwenyewe hasikii nusu yake. Nilidhani kipaji hicho wamepewa wanasiasa tu.

Methali ya jogoo la shamba kutowika mjini nayo haimhusu. Buhare iko ndani ya Manispaa ya Musoma, na muhogo uko nyuma ya nyumba. Jogoo wetu akiwika, anawika shamba na mjini kwa pumzi moja. Wafaransa walilazimika kwenda mahakamani kwa jambo hilo. Mwaka 2019, huko Rochefort, wenye nyumba ya mapumziko katika kisiwa cha Oléron walimshtaki mwenye jogoo aitwaye Maurice kwa kuwaamsha, wakashindwa. Januari 2021 nchi ikapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Jogoo wetu amepata haki hizo zote bila wakili. Jirani hawezi kumshtaki, kwa sababu naye ana wake watatu.

Wasemao ana uchu, nawajibu kwa heshima zote kwa Butiama: Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu, alikuwa na wake 22, na historia inamtaja kama mtawala. Jogoo wetu hata akipewa kumi wake wa kitaalamu hajafika nusu. Kasoro ni kwamba wenzake wanne nao wanadai kumi kumi, na mitetea waliopo ni wanane. Migongo yao imenyonyoka, mabawa yana mikwaruzo, na mtetea anayetaka kutaga hutazama huku na huku kabla hajavuka uwanja. Lakini hata hapo pana jambo la kufariji. Mwaka 2000 wanasayansi waliripoti kwamba mtetea aliyepandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini huweza kuzitupa nje mbegu zake. Kumbe kamati halisi ya uteuzi inakaa uwanjani mchana kweupe, na sisi hatumo.

Ukimchinja, hujammaliza. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili au zaidi, akaendelea kutaga mayai yenye uhai. Unaweza kumla Jumapili, na Jumapili ya pili ukaokota yai lenye mtoto wake. Ni watumishi wachache wanaoendelea kulipwa hivyo baada ya kuondoka ofisini.

Uongozi anao. Jogoo mwema akiona mdudu huita mitetea kwa mlio wa haraka haraka, akawaachia wale. Jogoo wetu huita pia, ila mara nyingine hapo chini hakuna kitu. Watafiti waliliona hilo tangu miaka ya 1980: majogoo huita "chakula" pasipo na chakula, hasa mitetea wanapokuwa mbali. Ng'ambo ya Sirari, KANU iliongoza Kenya kuanzia 1963 mpaka 2002 kwa alama ya jogoo. Mtetea ndiye anayetaga, lakini waliochora alama walijua nani anayejua kuita.

Na sasa sifa yake iliyo kuu. Chanjo ya mdondo, ile ya I-2, ni tone moja tu jichoni, kila miezi mitatu. Jogoo wetu hajawahi kulipata, kwa sababu ileile iliyomwokoa na kisu: hakamatiki. Siku mdondo unapoingia mtaani, humaliza kwa wiki moja mjadala ambao nyumba imeshindwa kuumaliza mwaka mzima. Hauulizi nani ana kifua kipana, nani ni kaka wa nani. Hesabu ya jogoo mmoja kwa mitetea kumi inakuwa nyepesi sana pale ambapo hakuna jogoo wala mtetea.

Atatokea msomaji mkali aseme: lakini kuku haoni gizani. Ni kweli. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba saa tatu za usiku unapanda kwenye mwembe na tochi ya simu, unamshika miguu, naye anatulia mkononi kama nguo iliyoanuliwa. Asiyekamatika anakamatika usiku wowote tunaotaka. Hapo ndipo nilipoanza kumsifu kwa moyo wote, maana nilielewa anatufanyia kazi gani.

Kumkamata yeye ni kumkubali mwingine abaki, na wa kubaki kwa haki ni yule mnene. Maana yake mgeni wa heshima aletewe sahani yenye paja jembamba huku akimwona kwa macho yake jogoo la kilo tatu likitembea mbele ya mlango. Mchuuzi aambiwe huyo hauzwi, chukua huyu mwenye mifupa, na ada ipungue kwa kiasi hicho. Watoto waelezwe usiku wa Krismasi kwa nini mchuzi ni mwepesi. Katika mkoa ambao ukarimu unapimwa kwa ulichochinja, aibu hiyo ni nzito kuliko kelele za saa nane, na jogoo wa mwembeni ametubebea bila kudai hata punje.

Kwa hiyo asifiwe. Mpaka siku nyumba moja ya Buhare itakapothubutu kumchinjia mkwe jogoo mwembamba na kumbakiza mnene uwanjani, enzi yake itadumu, wanawe watarithi miguu yake mirefu, na sisi tutaendelea kuuliza kwa mshangao kwa nini kuku wa kienyeji wa siku hizi hawanenepi.